Korti Ndani ya Stoo ya Mashuka

Mlango ulilia ka!

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, msomaji wangu. Ka! moja tu, kavu, kama karanga imevunjwa kwa meno. Wewe ukakunja gazeti ukaenda zako kutafuta mkate wa watoto. Korti ikabaki ndani ya stoo.

Tena korti nzima. Jaji, anayeisikiliza kesi hii peke yake, bila wazee wa baraza wala mtu wa kumnong'oneza. Mwendesha mashtaka, mwanamke mwembamba asiyecheka ovyo. Karani na kompyuta yake. Askari wa korti na kofia yake. Wakili wa utetezi, jitu la miraba minne ambalo makarani huliita Mzee wa Pingamizi. Na mshtakiwa mwenyewe, Bwana Meneja, mkuu wa udobi wa hoteli, anayeshtakiwa kwa shambulio la aibu dhidi ya mfanyakazi wake, ndani ya stoo hiyohiyo ya mashuka.

Walikuwa wamekuja kuuona mlango kwa macho. Jaji alitaka kuona unavyokaa kwenye fremu, karani akauvuta, ukakaa.

Nje, kwenye ukumbi mwembamba unaonuka sabuni, walibaki watu wawili tu: binti aliyeshtaki, na shangazi yake.

Binti huyo wenzake kazini walimwita Mgeni, kwa kuwa ndiye aliyeajiriwa mwisho. Yeye alikataa kuingia. "Mimi humo siingii, Mheshimiwa," alisema kwa sauti ndogo, na Jaji akaamuru asilazimishwe.

"Umefunga?" shangazi aliuliza.

"Umefunga."

"Wamejifungia wenyewe?"

"Wenyewe, shangazi."

Shangazi alijiziba mdomo kwa mtandio. Mabega yakaanza kucheka kabla ya uso.

Kwa nini ni jambo la kuchekwa? Kwa sababu utetezi wote wa Bwana Meneja ulining'inia kwenye mlango ule. Wakili wake alisema, akarudia, akapiga meza: kitasa cha stoo kilikufa zamani, mlango haufungi, hata paka akiusukuma anapita. Kwa hiyo binti anayedai alifungiwa humo na bosi wake anaota mchana.

Mgeni naye aliapa kwamba unafunga, tena vizuri mno. Kwa nje, ukikinyanyua kitasa kidogo, unafunguka. Kwa ndani hakuna cha kushika. Alieleza mbele ya watu kwamba siku ile, Bwana Meneja alipomaliza ubaya wake, aliingiza viganja chini ya ubao wa katikati, akauinua mlango, akaupiga goti. Ukafunguka. Akatoka akinyoosha tai, kama mtu aliyekwenda kukagua foronya.

"Mlango unapigwa goti?" Mzee wa Pingamizi alimwuliza. "Ni mlango huo au ni mpira?"

Korti ikaangua kicheko. Hata askari alicheka. Mgeni alilala na kicheko kile na akaamka nacho.

Mama yake aliugua kesi ikiwa bado mbichi. Kila jioni alimwuliza swali moja tu kutoka kitandani: "Wamekuamini?" Na kila jioni Mgeni alijibu, "Bado, mama." Mama akazikwa na "bado" yake.

Basi. Turudi mlangoni, watu wanasukuma.

"Karani, fungua," ilisema sauti ya Jaji kutoka ndani.

"Ninafungua, Mheshimiwa."

Zikasikika kucha zikikwaruza ubao.

"Karani."

"Mheshimiwa, ninafungua, lakini hakuna cha kufungulia."

"Sukuma tu!" Mzee wa Pingamizi alinguruma. "Si haufungi huo? Sukuma kiume!"

Puu! Bega la karani. Puu! Bega la askari. Kisha kitu kikaanguka, laini na kingi, kama mnara wa mataulo.

"Naomba kumbukumbu zionyeshe," wakili alisema akihema, "kwamba mlango huu haujafungwa. Umekataa tu kufunguka."

"Kumbukumbu zionyeshe pia," alisema mwendesha mashtaka, "kwamba wakili ameyasema hayo akiwa ameshindwa kutoka."

"Pingamizi!"

"Wakili," Jaji alisema, "unapinga nini? Kwamba umeyasema, au kwamba umeshindwa kutoka?"

Jibu likawa puu! Bega la wakili mwenyewe.

"Huko nje kuna mtu?" Jaji aliita.

"Tupo, Mheshimiwa," Mgeni alijibu. "Mimi na shangazi yangu."

"Unaweza kutufungulia?"

"Naweza."

Mkono wake ulikuwa umeshakaribia kitasa.

"USIGUSE!"

Sauti ya Mzee wa Pingamizi ilimrusha nyuma. "Mheshimiwa, kuna amri ya korti! Mlalamikaji, jamaa zake, wala mfanyakazi yeyote wa udobi asiuguse mlango huu mpaka kesi iishe. Mlango huu ni kielelezo. Watauchokonoa!"

"Naikumbuka amri hiyo," Jaji alisema taratibu. "Uliiomba wewe."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Sasa iombe iondolewe, niiondoe sasa hivi, huyu binti atufungulie, twende tukanywe maji."

Wakili alifungua kinywa. Mgeni hakumwona, lakini aliisikia pumzi ikiingia. Kisha ikabaki huko ndani.

"Siwezi, Mheshimiwa."

"Kwa nini?"

"Nikiomba tufunguliwe, nitakuwa nimekubali kwamba tumefungiwa."

Shangazi aliketi juu ya kapu la nguo chafu. Akacheka hadi kapu likalia.

"Upande wa mashtaka?" Jaji aliuliza.

"Sisi hatuna haraka, Mheshimiwa. Nimepata mto wa kukalia."

Msomaji, labda utasema jaji ni jaji, angeiondoa amri mwenyewe mambo yakaisha. Hujamjua Jaji huyu. Hukumu yake moja ilishawahi kutupwa na mahakama ya rufaa kwa sababu alitoa amri ambayo hakuna aliyeiomba. Tangu siku hiyo hata chai haonji mpaka aombwe kuionja.

"Basi tutakaa," alisema. "Karani, andika. Korti imeketi."

"Imeketi wapi, Mheshimiwa?"

"Juu ya mablanketi."

Kitu kimoja hawakukijua, na Mgeni alikijua kuliko alivyopenda kukijua. Ndani ya stoo ile linapita bomba la maji ya moto la hoteli nzima. Halina kitambaa wala ubao wa kulizuia. Wageni wa ghorofani wakianza kuoga, stoo inageuka tanuri.

Na juu kule wageni walikuwa wameanza kuoga. Bomba lilianza kuguna.

"Joto gani hili?" karani alilalamika.

"Si joto," alisema Mzee wa Pingamizi, ambaye ndani ya joho alivaa koti, ndani ya koti kizibao, na ndani ya kizibao Mungu anajua nini. "Ni hewa imekosa pa kwenda."

"Kwa sababu mlango umefungwa?" mwendesha mashtaka aliuliza kwa upole.

"Kwa sababu mlango una msimamo wake!"

Shangazi alimvuta Mgeni sikioni. "Waache waive, mwanangu."

"Shangazi!"

"Nini? Wewe ulipokuwa humo, nani alikuja na kikombe cha maji?"

 Mgeni alikuwa akiutazama ule mlango wa rangi ya maziwa yaliyoharibika. Siku ile yeye aliupiga kwa ngumi kutoka ndani. Leo alikuwa upande wa pili, na waliokuwa wakiupiga ni watu wenye elimu, kofia na majoho. Alitamani afurahi. Furaha haikuja. Ngumi ni ngumi, hata iwe ya wakili.

Sauti ya wakili ilianza kubadilika. Ilikuwa nene kama gogo, sasa ikawa nyembamba kama filimbi.

"Nina... pumu... kidogo."

"Dawa yako iko wapi?" Jaji aliuliza.

"Kwenye mkoba."

"Mkoba uko wapi?"

"Garini."

"Wakili, omba!"

"Siombi."

"Mheshimiwa!" Mgeni alishindwa kuvumilia. "Mtu atakufa humo! Nifungue?"

"Usi... guse..." filimbi ilisema.

"Eee, kifo cha heshima hicho," shangazi alisema. "Amekufa akipinga."

Ndipo likatokea jambo ambalo mimi mwenyewe ningeambiwa ningekataa.

Ndani ya stoo yule wakili alimgeukia mteja wake. Mgeni alilisikia joho likichakarisha mifuko ya plastiki ya mashuka, kisha sauti ile nyembamba ikanong'ona, kwa namna wanavyonong'ona watu wenye pumu, yaani jengo zima likasikia:

"Wewe... kama unajua namna... fungua."

"Namna gani?" Bwana Meneja aliuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema kitu tangu mlango ulie.

"Usinichezee... ninakufa. Fungua!"

"Lakini uliniambia nisijue."

 Hata bomba lilionekana kusikiliza.

"Umesemaje?" Jaji aliuliza.

"Si wewe, Mheshimiwa, naongea na wakili wangu. Ofisini kwake aliniambia, 'Kuhusu mlango, wewe hujui kitu, hujawahi kujua kitu.' Nimelishika hilo kama sala. Sasa leo anataka nijue!"

"Jua!" wakili alipiga kelele, na hiyo nusura iwe pumzi yake ya mwisho. "Jua haraka!"

"Nikijua, nani atanitetea?"

"Nikifa, nani atakutetea?"

Hilo, msomaji, lilikuwa swali lisilo na jibu katika vitabu vyote vya sheria.

Mgeni aliona ubao wa chini wa mlango ukitikisika. Aliona mlango ukipanda kwenye bawaba zake, kidogo tu, kama mtu anayejinyoosha mabega. Kisha pu! Pigo moja, fupi, chini ya katikati.

Mlango ukafunguka wazi.

Na pale mlangoni alisimama Bwana Meneja, tai imekaa upande, viganja viwili vimeshika ubao wa katikati kwa chini, na goti lake la kulia bado liko hewani.

Hakuna aliyecheka safari hii.

Mgeni alilitazama lile goti. Ukumbi mzima ulimponyoka, akabaki na goti tu, kitambaa cha suruali kilichofifia pale linapogusa ubao. Alihisi mkono wa shangazi ukiingia kwenye mkono wake na kubana.

"Ulisema kweli," shangazi alisema. Hakuwa na kicheko hata chembe. "Kila neno, mwanangu."

Bwana Meneja alilishusha goti polepole, kana kwamba akilishusha taratibu litakuwa halikupanda.

Nyuma yake wakatoka wengine. Jaji alikuwa na foronya shingoni, sijui ilifikaje. Karani aliikumbatia kompyuta kama mtoto. Askari na mwendesha mashtaka walimkokota Mzee wa Pingamizi, mmoja kwapa hili na mwingine lile, wakamlaza juu ya meza kubwa kwenye chumba cha kupigia pasi, kilicho mbele tu ya stoo.

Chumba hicho kilikuwa kimejaa wanawake kazini. Hoteli ilikuwa imekataa katakata kusimamisha pasi kwa ajili ya korti, kwamba wageni hawawezi kulalia magodoro matupu eti kuna kesi. Mvuke ulipanda, pasi zilipita na kurudi, na hakuna mwanamke aliyeinua uso.

Dawa ikaletwa kutoka garini. Wakili akavuta mara mbili. Rangi ikamrudia.

"Karani," Jaji alisema, akaketi juu ya kigoda cha mkunja taulo, "umeandika yaliyotokea?"

"Nimeandika mpaka penye goti, Mheshimiwa. Hapo niliacha kuandika, nikatazama."

"Soma."

Karani akasoma. "'Mshtakiwa: Lakini uliniambia nisijue. Wakili: Jua haraka.'"

"Inatosha," Jaji alisema. Akaivua foronya shingoni, akaikunja vizuri mapajani. Alimtazama Mgeni, na kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze hakumtazama kama mtu anayetafuta kosa kwenye hesabu.

 Mgeni aliliona neno likija. Lilikuwa midomoni mwa Jaji. Baada ya muda wote ule, neno lile lilikuwa midomoni.

"Mheshimiwa!"

Mzee wa Pingamizi alikuwa ameketi juu ya meza ya pasi, nywele wima, kidole hewani. Ungesema mtu amefufuka.

"Nina ombi."

"Sasa ndiyo unaomba?" Jaji aliuliza.

"Naomba ujitoe katika kesi hii."

"Kwa kosa gani?"

"Umeona."

"Nimeona nini?"

"Ndiyo hilo, Mheshimiwa! Sitaki useme! Jaji huamua kwa ushahidi ulioletwa mbele yake, si kwa yaliyompata mwenyewe. Wewe umefungiwa... nasema, wewe umechelewa kutoka ndani ya kielelezo. Umemwona mshtakiwa akifanya alichofanya. Umekuwa shahidi. Na shahidi hawezi kujihukumia ushahidi wake. Tena si wewe tu. Karani ni shahidi, askari ni shahidi, na mwenzangu huyu wa mashtaka ni shahidi aliyekalia mto. Kesi ianze upya, mbele ya jaji asiyejua kitu!"

"Ngoja kwanza," shangazi alidakia. "Yaani aliyeona hafai, atafutwe asiyeona?"

"Mama, nyamaza, au nitakutoa nje ya korti," Jaji alisema.

"Nje ya korti ni wapi, Mheshimiwa? Mimi hata ndani yake sijui ilipo."

Jaji alitazama kulia, akaona mashuka. Akatazama kushoto, akaona suruali za wahudumu. 

Akaikunjua foronya mapajani, akaikunja upya, pasi zikipita na kurudi. Kisha akainuka, mzee kuliko alivyoketi.

"Ningependa kumwambia wakili kwamba anasema upuuzi," alisema. "Kwa bahati mbaya, anasema sheria. Ningetoa hukumu yangu leo, mahakama ya rufaa ingeitupa kesho, na huyu binti angekuwa amepata ushindi wa kuazima. Nimejua kwa njia isiyo halali kwa jaji kujua. Najitoa."

Akalivua joho lake. Akatafuta pa kuliweka, akalitundika kwenye hanga katikati ya mashati ya wageni. Mwanamke mmoja, kwa mazoea tu, akalichukua na kuanza kulinyoosha makunyanzi.

Mwendesha mashtaka alimsogelea Mgeni. Akainama, sauti yake ikawa ya dada mkubwa.

"Sikiliza. Hatujashindwa. Jaji huyu sasa ni shahidi wetu, na sijawahi kupata shahidi kama huyu. Lakini atakuja jaji mwingine, na itabidi useme tena."

"Yote?"

"Yote, tangu mwanzo. Na yule wakili atakuuliza tena maswali yake. Uamuzi ni wako. Ukisema umechoka, hakuna atakayekulaumu."

Alikuwa ameshasema kituoni. Alisema hospitalini. Alisema kortini, mbele ya kicheko. Kila alipoyasema yalikuwa kama nguo inayofuliwa mara nyingi: doa halitoki, kinachokwisha ni kitambaa.

Mgeni alishika ukingo wa meza.

Bwana Meneja aliona. Na Bwana Meneja, ambaye alikuwa ameshika ukuta kama mgonjwa tangu atoke stoo, akatabasamu. Akamwinamia wakili wake.

"Hataweza," alisema. Hakunong'ona hata. "Namjua. Hataweza."

"Samahani," ilisema sauti.

Ilitoka meza ya mwisho, kwenye mvuke. Mwenye sauti alikuwa mwanamke wa makamo, mnene wa mikono, kilemba kimefungwa nyuma. Wote pale walimwita Mama Pasi. Kufanya kazi kwake kwenye udobi ule kulianza kabla ya mashine za kufulia, na katika kesi hii alikuwa amegoma kutoa hata neno moja. "Mimi napiga pasi tu," ndilo jibu alilowapa askari.

"Samahani, waheshimiwa," alisema tena. "Kesi ikianza upya, na mashahidi wanaanza upya? Au ni walewale?"

"Mama Pasi, piga pasi," Bwana Meneja alisema haraka. "Vyumba vya juu vinasubiri."

"Nimeuliza watu wa sheria, bosi. Wewe unajua milango."

"Ikianza upya," mwendesha mashtaka alijibu, na shingo yake ilikuwa imenyooka ghafla, "tunaweza kuleta shahidi yeyote tunayemtaka."

"Naliondoa ombi langu!" Mzee wa Pingamizi aliruka kutoka mezani, kizibao kikafyatua kifungo. "Mheshimiwa, nimelitafakari upya! Hujaona kitu! Endelea na kesi!"

"Mwambie jaji," alisema mzee aliyesimama pale na shati lake jeupe.

"Wewe ndiye jaji!"

"Nilikuwa. Joho langu linapigwa pasi."

Mama Pasi hakuwajali. Alikuwa akimtazama Mgeni, na macho yake yalikuwa mekundu, si kwa mvuke.

"Siku yako ya kwanza hapa," alisema, "nilikupa ndoo. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Nilikwambia, 'Ukienda stoo, nenda nayo.' Ulifikiri ni ya nini?"

"Ya kupigia deki," Mgeni alisema. "Nikaona stoo haina maji. Nikaiacha nyumbani, mama alikuwa akinawia miguu."

Mama Pasi alitikisa kichwa taratibu. "Kila mwanamke humu anayo yake. Ukiingia stoo unaiweka kizingitini, mlango usije ukarudi. Mimi nilifundishwa na aliyenitangulia. Nami nikawafundisha hawa. Ndoo tunapeana. Sababu hatupeani."

"Ni upuuzi!" Bwana Meneja alifoka. "Ndoo! Kesi ya ndoo!"

Hakuna aliyemgeukia.

Mgeni alitazama chini ya meza za pasi. Ndoo zilikuwepo, moja kando ya kila jozi ya miguu, kavu zote, zimekauka mpaka ndani kabisa. Kila siku alikuwa akizipita, akizikwepa kwa kapu la mashuka.

"Mlijua?" alisema.

Pasi ziliacha kupita. Hoteli iliyokataa kusimama kwa ajili ya korti ilisimama kwa neno hilo moja.

"Mlijua," alisema tena, na sauti ilikuwa inapanda yenyewe. "Nilipokuwa nasimama kule peke yangu wananicheka, mlijua. Mama yangu alikuwa akiniuliza kila siku kama kuna anayeniamini. Na ninyi mko hapa, mnaniamini wote, mnanyoosha foronya!"

"Tulijua, mwanangu," Mama Pasi alisema. Hakujitetea.

Shangazi alisogea, akasimama ubavuni mwa Mgeni.

Mwendesha mashtaka alisubiri. Alikuwa mtu wa kazi yake, na kazi yake ilitaka jibu. "Binti," alisema, "nahitaji kujua. Unaanza upya, au tunaiacha?"

Bwana Meneja alikuwa bado na nusu ya tabasamu mdomoni, ile nusu aliyosahau kuiondoa.

Mgeni alijifuta uso kwa kiganja. Hasira yake ilikuwa nzima, na aliijua ingemkalia muda mrefu, kwa yule bosi kwa namna yake na kwa hawa kwa namna yao. Lakini aliuachia ukingo wa meza.

"Naanza upya," alisema. "Nitasema yote, na huyo wakili aniulize mpaka pumzi imwishie tena. Ila safari hii sitaanza mimi."

Akanyoosha mkono kuelekea meza ya mwisho.

"Ataanza yeye."

Vichwa vyote viligeuka. Wakili alitazama, mzee asiye na joho alitazama, Bwana Meneja alitazama, na rangi ikamshuka kama maji ya sabuni kwenye mfereji.

Mama Pasi aliisimamisha pasi wima. Akachomoa waya ukutani. Akafungua kilemba, akakifunga upya, vizuri zaidi.

"Haya," alisema. "Nisimame wapi?"